Jinsi ya Kujenga Kizuizi cha Mipira ya Gofu Nyumbani kwa Gharama Nafuu

Kwa mchezaji wa gofu anayekaa mbali na kiwanja, mazoezi ya kila siku ni jambo gumu. Tanzania ina viwanja vichache tu, kama vile vya Gymkhana ya Dar es Salaam, Lugalo, Gymkhana ya Morogoro, Gymkhana ya Arusha na kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi, na hata anayeishi jiji moja na kiwanja anaweza kupoteza nusu ya siku barabarani ili akapige mipira kwa saa moja. Kizuizi cha nyumbani, yaani wavu mzito unaoning'inizwa mbele ya mchezaji ili uupokee mpira kabla haujaenda mbali, humwezesha kufanya mazoezi kila jioni uani kwake. Kizuizi hakimfundishi mtu kusoma upepo wala kukadiria umbali, lakini mwendo wa mabega, viuno na mikono hujengwa kwa kurudiarudia, na marudio hayo hayahitaji kiwanja chenye mashimo 18. Vifaa vyake karibu vyote hupatikana katika maduka ya zana za uvuvi na ya vifaa vya ujenzi.

Kabla ya kununua chochote, ni lazima kuelewa kizuizi kinafanya kazi gani hasa. Kanuni za gofu zinataka mpira usizidi uzito wa gramu 45.93, na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67. Ni kitu kidogo, lakini mchezaji wa kawaida mwenye nguvu akiupiga kwa draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote, mpira huondoka kwa kasi ya mita 60 hivi kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kwa kasi hiyo mpira hubeba nishati ya jouli 80 na kidogo. Wavu ukiusimamisha taratibu, katika mwendo wa sentimita 80, nguvu inayoulemea kwa wastani ni sawa na uzito wa kilo 10 tu. Ukiusimamisha ndani ya sentimita 4, kwa sababu umekazwa kama ngozi ya ngoma, nguvu hiyo hupanda hadi uzito wa kilo 200, na hapo kuna mawili: uzi ukatike na mpira upite, au uzi uhimili na mpira urudi kwa kasi kuelekea usoni kwa aliyeupiga.

Kwa hiyo kizuizi bora ni kile kinachokubali kusukumwa. Wengi huanza na fremu ya mabomba mazito ya chuma, huimaliza bajeti yao hapo, kisha hufunga juu yake wavu wowote waliobahatika kuupata na kuuvuta mpaka unyooke. Kwa maoni yangu huo ni mpangilio uliogeuzwa chini juu. Fedha ziende kwanza kwenye wavu, nafasi ya kutosha iachwe nyuma yake, na nguzo ziwe za bei ya chini kadiri zinavyoweza kusimama imara.

Kuchagua na kupima eneo

Unahitaji ua wenye urefu wa takriban mita 6.5 na upana usiopungua mita 5. Epuka sehemu inayoelekea njia ya watu, madirisha ya jirani au maegesho ya magari, kwa sababu hata kizuizi kizuri hupitwa na mpira siku moja moja. Ni vema mgongo wa kizuizi uelekee ukuta usio na dirisha. Angalia pia juu: nyaya za umeme zisipite juu ya eneo hilo, na matawi ya mwembe yasiwe mahali ambapo fimbo inainuliwa.

Chora ardhini mstari wa mita 3, ambao utakuwa mgongo wa kizuizi, na uhakikishe kwamba nyuma yake kuna nafasi tupu ya mita 1 kabla ya ukuta au uzio. Nafasi hiyo ni ya wavu kuvimbia. Ukiiondoa, mpira utagonga ukuta kupitia wavu na kurudi. Kutoka katikati ya mstari huo pima mita 3.5 kuja mbele, uweke alama ya mahali mpira utakapokaa. Kisha, mita 1.5 mbele ya mgongo, weka alama mbili nyingine zilizoachana kwa mita 4, ili kila moja iwe mita 2 kutoka mstari wa katikati. Sasa una alama nne za nguzo: mbili za nyuma zilizoachana kwa mita 3, na mbili za mbele zilizopanuka kidogo, hivyo kwamba mabawa ya wavu yanafunguka kumwelekea mchezaji.

Vipimo hivi vina sababu zake. Bila mabawa, mgongo wa mita 3 ukiwa umbali wa mita 3.5 hukinga mipira inayopotoka hadi nyuzi (digrii) 23 tu kila upande, na anayejifunza huvuka kiwango hicho mara nyingi. Mabawa yanaongeza kinga hadi nyuzi 45. Yamepanuliwa kwenda nje, badala ya kwenda mbele moja kwa moja, kwa sababu fimbo humalizia mzunguko wake mbele ya mchezaji, na nguzo iliyo karibu mno inaweza kugongwa na draiva. Kabla ya kuchimba, simama kwenye alama ya mpira, mwombe mtu ashikilie mti wima mahali pa nguzo ya mbele, na uzungushe fimbo yako ndefu kuliko zote polepole sana ukiangalia ncha yake inafika wapi. Ikikaribia mti huo kwa chini ya nusu mita, sogeza alama nje zaidi.

Kwa upande wa kimo, wavu wa mita 3 unatosha. Kwa umbali wa mita 3.5, mpira utalazimika kupaa kwa zaidi ya nyuzi 40 ili upite juu, na mapigo ya draiva huanza chini ya nyuzi 20. Zile fimbo za kunyanyua mpira juu sana, zinazoitwa weji, zitumike hapa kwa pigo la kawaida tu, bila kuufungua uso wa fimbo.

Kununua wavu

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko yote. Wavu wa magoli ya soka haufai, kwa kuwa matundu yake ni makubwa na mpira wa gofu hupita bila kugusa kitu. Neti ya kivuli inayotumika kwenye vitalu vya miche huhimili kwa muda mfupi, kisha hutoboka mahali pamoja. Wavu wa dagaa una matundu madogo lakini uzi wake ni mwembamba mno. Kilicho bora kwa bei nafuu ni wavu wa kuvulia samaki wakubwa, uliosokotwa kwa nailoni ya nyuzi nyingi, na unaopatikana katika maduka ya zana za uvuvi ya Kariakoo, Mwanza, Kisumu na miji ya pwani.

Jambo ambalo mnunuzi asiye mvuvi hulikosea ni kipimo cha jicho la wavu. Wauza nyavu hupima jicho likiwa limevutwa, kutoka fundo hadi fundo la upande wa pili, hivyo wavu unaoitwa wa inchi 2 una jicho ambalo, likiwa limefunguka mraba, kila upande wake ni inchi 1, yaani milimita 25 hivi. Huo ndio unaotufaa, kwa sababu mpira wenye kipenyo cha milimita 42 hauwezi kupenya, na hata jicho likitanuka kidogo bado kuna ziada. Usikubali wavu wa inchi 4 kwa kuambiwa kwamba "ni ule ule." Chukua mpira mmoja wa gofu dukani na ujaribu kuusukuma kwa kidole gumba kwenye macho matatu au manne ya sehemu tofauti, ukipenya popote, rudisha wavu huo.

Kipimo cha pili ni unene wa uzi, ambao huandikwa kwenye lebo ya bunda kama 210D ikifuatiwa na idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Tafuta 210D/36 au zaidi. Uzi wa 210D/9 au 210D/12 ni wa kutegea samaki, si wa kupokea mpira. Achana kabisa na nyavu za uzi mmoja usiosokotwa, zile zinazong'aa ambazo wavuvi wa Ziwa Victoria huziita timba: sheria za uvuvi zinazikataza, na zaidi ya hapo uzi wake ni mkavu na hukatika ghafla unapopigwa.

Kimo cha wavu huhesabiwa kwa idadi ya macho. Wavu wa inchi 2 wenye macho 100 una kimo cha mita 5.08 ukiwa umevutwa, lakini ukishaning'inizwa na macho yake kufunguka mraba, kimo hicho hupungua hadi mita 3.6 hivi. Kipimo hicho kinakidhi kimo chetu na kubakiza karibu nusu mita ya kulala chini. Kwa urefu, nunua mita 10 za wavu uliovutwa, ambazo zikishavikwa kwenye kamba zitakuwa karibu mita 7. Mzunguko wa kizuizi chetu, yaani mgongo wa mita 3 na mabawa mawili ya mita 1.6 hivi, ni mita 6.2, ziada iliyobaki ndiyo ulegevu unaohitajika. Anayenunua wavu kwa kipimo kamili cha fremu yake huwa amejinyima ulegevu huo tangu dukani.

Nyavu zilizotumika huuzwa kwa bei ndogo sana, na wavuvi wengine huzitoa bure. Zinaweza kutumika kama tabaka la pili nyuma ya wavu mkuu, likitenganishwa nao kwa sentimita 30, lakini zisitegemewe peke yake, kwa kuwa jua limeshazila.

Nguzo na waya

Milingoti minne ya mkaratusi, ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita mirunda, yenye urefu wa mita 4 na unene wa sentimita 8 hadi 10, inatosha. Kama unaweza kupata iliyotiwa dawa ya mchwa, nunua hiyo. Vinginevyo, menya gamba la sehemu itakayozikwa, uipake lami na uiache ikauke vizuri. Chimba mashimo ya sentimita 80, weka kokoto kidogo chini ili maji yasituame kwenye kitako cha nguzo, simamisha nguzo kwa timazi, na ujaze zege la uwiano wa 1:2:4, yaani ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Iache siku saba kabla ya kuivuta kwa chochote.

Juu ya nguzo, badala ya bomba, tumia waya wa kebo uliopakwa zinki wa milimita 4. Sababu ya kuupendelea waya ni kwamba bomba la juu ni kitu kigumu ambacho mpira uliopaa unaweza kukigonga na kurudi upande wowote, ilhali waya mwembamba ni vigumu kugongwa, na ukigongwa hutikisika tu. Pitisha boliti yenye pete kwenye kila nguzo, kwa kimo cha mita 3.1. Funga waya kwenye nguzo ya mbele ya kushoto, upitishe kwenye pete za nguzo mbili za nyuma, na umalizie kwenye nguzo ya mbele ya kulia, ukikaza kila ncha kwa klipu mbili za kebo. Usiukaze kupita kiasi. Mlegeo wa sentimita 10 katikati ya mgongo ni wa kawaida na hauna madhara.

Waya huo utazivuta nguzo kuelekea ndani, kwa hiyo kila nguzo ipewe kamba ya kuivuta kwenda nje, ikifungwa kwenye kigingi kilichopigiliwa ardhini kwa mshazari. Funga kitambaa cheupe kwenye kamba hizo, kwa sababu jioni hazionekani, na watoto hukimbia uani bila kutazama chini.

Nguzo zenyewe zifunikwe. Kata sponji la godoro kuukuu lenye unene wa sentimita 5 au zaidi, lizungushe kwenye kila nguzo kutoka chini hadi kimo cha mita 2, na ulifunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mpira ukigonga mti mtupu hurudi kwa kasi kubwa. Hatua hii haigharimu chochote, na mtu yeyote asianze kupiga kabla ya kuikamilisha.

Kuvika wavu kwenye kamba

Wavu haufungwi moja kwa moja kwenye waya, kwa kuwa macho machache yangebeba mzigo wote na kuchanika. Huvikwa kwanza kwenye kamba, kama wavuvi wanavyofanya. Chukua kamba ya manila ya milimita 6 na ukate kijiti cha sentimita 14 cha kupimia. Anzia kwenye kona ya wavu: pitisha kamba kwenye macho manne ya ukingo wa juu, weka kijiti kwenye kamba, na mahali kijiti kinapoishia ufunge jicho la nne kwa uzi wa nailoni kwa fundo lililokazwa mara mbili. Macho mengine matatu yabaki huru kwenye kamba. Endelea hivyo, macho manne kwa kila sentimita 14, mpaka mwisho. Macho manne yaliyovutwa yana sentimita 20 na kidogo, kwa hiyo kuyabana kwenye 14 ndiko kunakoyafanya yafunguke mraba. Ukiona wavu umejikunja kama pazia, umeyabana mno. Ukiona macho yamekuwa marefu kwa upana, umeyavuta mno. Kazi hii inachosha vidole, lakini ifanyike kwa utulivu, maana makosa ya hapa hayarekebishiki bila kufumua. Kama kuna mvuvi au fundi wa nyavu karibu nawe, mlipe aifanye. Ataimaliza kwa muda mfupi na mafundo yake hayatateleza.

Kisha tundika kamba hiyo kwenye waya kwa kulabu ndogo za kufungika, moja kwa kila sentimita 30 hivi, ukisambaza ulegevu sawasawa na kuacha zaidi kidogo kwenye mgongo kuliko kwenye mabawa. Kulabu zinakuwezesha kuushusha wavu wakati wowote. Kingo za pembeni zifungwe kwenye nguzo za mbele kwa kamba fupi zilizolegea.

Ukingo wa chini usikazwe ardhini. Ile nusu mita ya ziada ilaze kuelekea kwa mchezaji, ili mpira ukishachoka ushuke na kubaki juu yake. Upepo wa pwani huuinua wavu usio na uzito, hivyo weka soksi ndefu zilizojazwa mchanga juu ya ukingo huo. Mawe, matofali au minyororo isitumike: mpira wa chini ukigonga jiwe hakuna ajuaye utaelekea wapi.

Blanketi la katikati

Mapigo mengi huangukia eneo lile lile la mita moja na nusu, na hapo ndipo wavu huchakaa kwanza. Tundika blanketi zito kuukuu au turubai la pamba, mita 1.5 kwa mita 2, sentimita 15 mbele ya wavu, likiwa limefungwa juu tu na kuachwa huru chini. Kitambaa hicho hupunguza kasi ya mpira kabla haujaufikia wavu, na pia hupunguza kelele. Turubai la plastiki halifai, kwa kuwa hupiga mshindo mkubwa na kupasuka haraka. Shona alama ya duara kwenye blanketi, kwa kimo cha mita 1.1 hivi kutoka ardhini. Hapo ndipo pigo safi la aini namba 7, ile fimbo ya chuma ya masafa ya kati, hupita kwa umbali huu, na mchezaji hujua papo hapo kama mpira ulikwenda kushoto, kulia, juu mno au chini.

Mahali pa kupigia

Kupiga mipira juu ya zege au ardhi iliyoshikamana huumiza vifundo vya mikono na viwiko. Weka ubao wa plaiwudi wa mita 1.5 kwa 1.5, tandika juu yake mpira mnene kama ule wa sakafu ya gari, kisha kapeti ya nyasi bandia. Mahali pa miguu na mahali pa mpira pawe na kimo kimoja. Mchezaji anayesimama sentimita 2 chini ya mpira hujizoesha pigo ambalo halitamfaa kiwanjani. Kwa draiva, toboa kapeti na uchomeke kipande cha mpira wa kumwagilia bustani kilichosimama sentimita 4 juu ya kapeti; hufanya kazi ya tii, yaani kijiti cha kuinulia mpira, na hudumu kwa muda mrefu.

Majaribio ya kwanza

Usianze na draiva. Anza kwa kurusha mpira kwa mkono, kwa nguvu, sehemu mbalimbali za wavu, pamoja na pembeni na karibu na nguzo. Kisha tumia weji kwa pigo la nusu, halafu aini namba 7 kwa pigo kamili, na kila hatua mwombe mtu asimame nyuma ya mchezaji, kamwe si nyuma ya wavu, atazame wavu unavimba kiasi gani. Ukikaribia ukuta, sogeza mgongo mbele au ongeza tabaka la pili. Mpira ukirudi zaidi ya nusu ya njia kuelekea kwako, wavu umekazwa. Ongeza ulegevu kabla ya kuendelea.

Wakati wa mazoezi, wengine wote wakae nyuma ya mchezaji. Anayetumia mkono wa kulia awe mwangalifu zaidi na upande wake wa kulia mbele, kwa sababu mpira unaogongwa na shingo ya fimbo huchomoka kuelekea huko, na mara nyingine huzidi nyuzi 45 za kinga yetu. Watoto wasiachwe wacheze ndani ya wavu hata pasipokuwa na anayepiga, kwani wavu uliolegea unaweza kumnasa mtoto shingoni.

Matunzo

Adui mkubwa wa nailoni na kamba ya manila ni jua. Ushushe wavu kila baada ya mazoezi na uuhifadhi kivulini ukiwa mkavu. Panya hupenda kutoboa nyavu zilizorundikwa stoo, kwa hiyo utundike juu. Walio pwani wakague klipu na boliti kwa kutu mara kwa mara na kuzipaka grisi. Kila mwezi, shika uzi wa eneo linalopigwa sana, uusokote kati ya vidole viwili na kuuvuta kwa nguvu: ukitoa unga, ukiwa na manyoya mengi au ukikatika, sehemu hiyo imekwisha. Tundu la jicho moja hushonwa siku hiyo hiyo kwa uzi wa unene ule ule. Kila baada ya miezi mitatu hivi, fungua kulabu na uusogeze wavu mzima kidogo kwenda upande mmoja, ukikunja ziada kwenye bawa, ili macho mapya yakae nyuma ya blanketi na yaliyochoka yahamie pembeni, ambako mipira hufika kwa nadra.